Silabi Tatu Zinapogeuka Nane: Kutibu Matamshi ya "old-fashioned" na Ndugu Zake

Neno "old-fashioned" lina silabi tatu. Muhula uliopita, katika darasa langu la jioni hapa Kisumu, kijana wa kidato cha tatu alilisoma kwa sauti nami nikahesabu kwa vidole chini ya meza: o-li-di-fa-shi-o-ne-di. Nane. Alisoma bila kusita, na kila herufi aliipa haki yake. Wenzake wa dawati la mbele wakacheka. Akaketi, na hakuinua mkono tena hadi Ijumaa.

Kicheko kile kiliniuma, ndiyo sababu naandika haya. Kijana hakukosea kwa uvivu. Alifuata kanuni, tena kwa uaminifu, ila kanuni zenyewe zilikuwa za Kiswahili. Anayecheka hamsaidii. Anayemwambia "tamka vizuri" hamsaidii pia, kwa maana hajamwonyesha penye tatizo. Kosa la matamshi lina chanzo, na vyanzo vyenyewe si vingi. Nitavipitia kimoja kimoja nikianzia kwenye dalili, yaani kile unachokisikia au kukiona daftarini, kisha chanzo chake na dawa ninayoitumia.

Tujue kwanza tunachokitibu

Kivumishi ambatano cha Kiingereza ni kivumishi kimoja kilichoundwa kwa maneno mawili au zaidi, mara nyingi yakiwa yameshikanishwa kwa kistari: "well-known", "hard-working", "duty-free", "kind-hearted". Uzito wa maana huwa kwenye neno la mwisho, na lile la mbele hulifafanua tu. Kwetu ni kinyume: tunataja kitu kwanza, sifa zinafuata nyuma. Ndiyo maana mwanafunzi anayetafsiri kichwani "mashuhuri duniani" huandika "famous-world" badala ya "world-famous". Mwambie aanze na ufafanuzi, amalizie na sifa yenyewe. Kosa hili huisha upesi.

Kundi linalosumbua zaidi ni la "old-fashioned". Kijana yuleyule aliniuliza, "Mwalimu, kwani kuna kitenzi cha 'to old-fashion'?" Swali zuri sana, kwa sababu shuleni "-ed" hufundishwa kama alama ya wakati uliopita na kitabu kinafungwa. Jibu ni kwamba kitenzi hicho hakipo. Hapa "-ed" imegandishwa kwenye nomino, na kazi yake ni ileile ya "-enye" katika Kiswahili. Chukua "old" na "fashion", yaani mtindo wa kale, kisha bandika "-ed" juu ya vyote viwili: chenye mtindo wa kale. "Kind-hearted" ni mwenye moyo mwema. "One-eyed" ni mwenye jicho moja. Nilipoandika "-ed = -enye" ubaoni, niliwaona wanafunzi watatu wakipigia mstari daftarini bila kuambiwa.

Dalili: neno ni refu kuliko linavyostahili

Hapa ndipo nitakapokaa, maana tatizo hili likitatuliwa, mengine huwa mepesi.

Utasikia "sho-ti-sa-i-te-di" badala ya "short-sighted", au "pa-ti-ta-i-mu" badala ya "part-time". Chanzo ni umbo la silabi. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida ni wazi: huishia kwa irabu. Silabi ya Kiingereza inaweza kufungwa kwa konsonanti moja, mbili, hata nne, na mbele yake zikatangulia tatu. Masikio yaliyozoea "ka-la-mu" yanapokutana na "old", yenye konsonanti mbili mwishoni, tena ikifuatwa na "f", hutafuta irabu ya kuzitenganisha. Lugha yetu imefanya hivyo kwa vizazi. "Mudguard" ilikuwa na silabi mbili, tukaipokea kama madigadi, silabi nne. "Keep left" ilikuwa mbili pia, ikawa kipilefti, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaitumia kwa makutano ya mzunguko. Maneno hayo sasa ni yetu na yako sahihi kabisa. Shida huja pale tu tunapoyarudisha kwenye Kiingereza yakiwa bado yamevaa irabu tulizoyavisha.

Kabla ya kutoa dawa, muulize mwanafunzi nyumbani kwao wanaongea lugha gani. Sisemi hivi kwa ajili ya utani wa kikabila ambao sote tumeusikia na kuuchoka. Nasema kwa sababu jibu litakupa njia ya kupitia. Mtoto wa Kiluhya akitaja ugali kwao husema "obusuma", o-bu-su-ma, kila silabi wazi kama ya Kiswahili. Mtoto wa Kijaluo husema "kuon", na neno linafungwa kwa "n". Samaki ni "rech". Nyumba ni "ot". Maziwa ni "chak". Huyu wa pili ana silabi funge mdomoni mwake tangu alipoanza kuongea! Akisema "sho-ti", ulimi wake haujashindwa. Amejifunza darasani kwamba Kiingereza husomwa herufi kwa herufi, na ukimkumbusha "chak" atarudi kwenye mstari ndani ya dakika tano.

Kwa wote wawili natumia Kit Mikayi, lile jiwe kubwa lililoko upande wa barabara ya kwenda Bondo, ambalo karibu kila mtoto wa huku amelipanda au amelisikia. "Kit Mikayi" ina silabi nne: kit-mi-ka-yi. Hakuna "kiti" pale. Namwambia mwanafunzi aseme "kit", asimamishe ulimi nyuma ya meno bila kuachilia pumzi, kisha aingie moja kwa moja kwenye "Mikayi". Ule ulimi uliosimama ndio anaouhitaji. Sasa aseme "short", asimamishe ulimi palepale, kisha "sighted". Kwenye "part-time" kazi ni nyepesi zaidi: "t" mbili zinakutana, basi ulimi unagota mara moja, unakaa kidogo, unaachilia mara moja.

Je, "old" mbele ya "fashioned"? Konsonanti tatu zinafuatana: l, d, f. Wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe, wanapoongea kwa kasi ya kawaida, mara nyingi huimeza "d" hiyo, isikike kama "ol-fashioned". Wanafanya vivyo hivyo kwenye "handmade". Kwa hiyo namwambia mwanafunzi waziwazi: ukilemewa, punguza "d", lakini usiongeze "i". Konsonanti iliyofifia haimbabaishi msikilizaji. Irabu iliyoongezwa humbabaisha, kwa sababu imezaa silabi ambayo hakuitarajia.

Kipimo ni cha bure. Weka mgongo wa kiganja chini ya kidevu, utamke neno polepole. Kila irabu kamili itakisukuma kidevu chini. "Kind-hearted": kind, heart, ed, mara tatu. Kidevu kikishuka mara tano, kuna irabu mbili zimeingia kwa mlango wa nyuma.

Dalili: "fashioned" inatamkwa "fa-shi-o-ned"

Hata baada ya kufunga silabi, sehemu hii hubaki. Chanzo chake ni tahajia. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa; "i" ni "i" na "o" ni "o" popote utakapozikuta. Kwenye Kiingereza, herufi "shio" katika "fashion" hazitoi irabu mbili. Hapo hubaki "sh" ikifuatwa na irabu hafifu mno, au pasiwe na irabu kabisa na "n" ikabeba silabi peke yake.

"N" kubeba silabi peke yake? Tunayo! Sema "nchi". Sema "nne". Ile "n" ya mwanzo ni silabi kamili isiyo na irabu: n-chi, n-ne. Waingereza wanayo pia, ila wao wameiweka katikati na mwishoni mwa neno. Basi mwanafunzi aseme "fash", achukue "n" ya "nchi", amalizie kwa "d": fash-n-d. Kipimo cha kidevu hapa hakitatosha, maana silabi ya "n" haikisukumi kidevu. Gonga meza kwa kidole badala yake: old, fash, nd. Mara tatu.

Siku nilipogundua njia hii nilifurahi kuliko mwanafunzi mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watoto waache mazoea ya Kiswahili, kumbe Kiswahili ndicho kilichokuwa na ufunguo. "N" hiyohiyo itawafaa kwenye "broken-hearted" na "open-minded".

Kwa wanaolelewa na Dholuo pekee, yaani Kijaluo, kuna jambo moja la kuongeza. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hiyo "fash" inaweza kuwa "fas". Anayeongea Kiswahili kila siku tayari anayo katika "shamba" na "shule". Anachohitaji ni kukumbushwa aipeleke mwishoni mwa silabi. Upande wa pili, Dholuo inatofautisha "th" na "dh" vizuri kabisa, na kwenye "three-legged" mtoto huyo atawatangulia wengi.

Dalili: kila "-ed" inageuka "edi"

Kanuni ni fupi. Angalia sauti iliyo kabla ya "-ed", sikiliza sauti yenyewe wala usiangalie herufi. Ikiwa ni "t" au "d", "-ed" huwa silabi yake yenyewe: kind-heart-ed, short-sight-ed, ab-sent-mind-ed. Ikiwa ni sauti nyingine yoyote, "-ed" haina silabi. Ni "d" tupu inayogandamana na iliyotangulia, au "t" tupu ikiwa iliyotangulia ni sauti isiyo na mtetemo kooni kama "k", "p" au "s". Kwa hiyo "old-fashioned" huishia kwa "nd", "good-natured" huishia kwa "d" na ina silabi tatu, na "sun-baked", kama ule udongo wa matofali, huishia kwa "kt" na ina silabi mbili tu.

Yapo maneno yanayokaidi kanuni, na ni bora kuyajua kwa majina. "Legged" hutamkwa kwa silabi mbili na wengi, leg-ged, ingawa "g" si "t" wala "d". Zile mbio za siku ya michezo shuleni, wawili wakifungwa mguu kwa mguu, ni "three-leg-ged race". "Aged" inabadilika kulingana na kazi yake. Katika "middle-aged" ni silabi moja, lakini ukisema "the aged", yaani wazee, ni mbili: a-ged. Vivyo hivyo "learned": mawakili wanapoitana "my learned friend" mahakamani wanatamka lear-ned, silabi mbili, wala si ile "learned" ya mtu aliyejifunza jana.

Dalili: silabi ni sawa lakini msikilizaji anauliza, "Umesema?"

Hapo chunguza mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sote tulifundishwa ule mfano wa barabara: ukikaza silabi ya tatu, "ba", ni njia ya magari, ukikaza ya pili, "ra", ni sawasawa. Kwa hiyo hakuna Mswahili anayehitaji kushawishiwa kwamba mkazo hubadili maana.

Rudi sasa kwa yule kijana wa silabi nane. Alikaza "ne": o-li-di-fa-shi-o-NE-di. Silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo desturi. Alipopunguza silabi zikabaki tatu, desturi ileile ilimpeleka kwenye FASH, na hapo ndipo mahali pake: old-FASH-ioned. Jaribu mengine: kind-HEART-ed, short-SIGHT-ed, absent-MIND-ed, hard-WORK-ing, good-LOOK-ing. Yote huangukia pale pale ambapo Kiswahili kingeuweka mkazo. Ndiyo maana nasisitiza silabi zitengenezwe kwanza. Mkazo kwa sehemu kubwa utajitengeneza wenyewe.

Pasipojitengeneza ni sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno yenye mkazo kwenye silabi ya mwisho: well-KNOWN, brand-NEW, middle-AGED, second-HAND. Ukienda soko la Kibuye kununua nguo za mitumba ukasema "SE-condhand" hakuna atakayekosa kukuelewa, lakini kwenye karatasi ya mtihani utapoteza alama. Kanuni ya kushika ni kwamba neno la mbele likiwa kivumishi, kielezi au nambari, mkazo mkuu huenda kwenye neno la pili. Sehemu ya pili ni pale neno la mbele linapokuwa nomino. Hapo mara nyingi mkazo hubaki mbele: HOME-sick, WA-ter-proof, TIME-con-su-ming. Si mara zote, kwani "world-FA-mous", "home-MADE" na "duty-FREE" huenda nyuma. Hizo nawaambia wazikariri, sina dawa nyingine.

Liko jambo linalowachanganya hata walimu. Kivumishi kikitangulia nomino, mkazo wake huweza kuhama. "Her dress is old-FASH-ioned", lakini "an OLD-fashioned DRESS". Kiingereza hakipendi mikazo miwili mizito ikaribiane, kwa hiyo "dress" inapokuja na mkazo wake, ule wa mbele husogea nyuma kumpisha mgeni. Wapigishe wanafunzi makofi mawili kwenye "OLD-fashioned DRESS" na mwili utashika kabla ya akili.

Inanisikitisha kwamba katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, stadi za kuongea hutahiniwa kwa kalamu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi hizo, lakini mtahiniwa hafungui kinywa. Anapigia mstari silabi yenye mkazo. Nimefundisha vijana wanaopata alama zote za mkazo karatasini na wakisimama kusoma habari kwenye gwaride hawaeleweki. Mwalimu mwenzangu, kila silabi unayoipigia mstari, itamkwe na darasa zima mara tatu kabla hujageuza ukurasa.

Dalili: "a five-years-old child"

Hii huonekana daftarini. Chanzo ni "mtoto wa miaka mitano": miaka ni mingi, basi mwanafunzi anaweka "s". Lakini ndani ya kivumishi cha Kiingereza kilichotangulia nomino, kipimo hubaki umoja: "a five-year-old child", "a two-hundred-shilling note", "a ten-tonne lorry". Kikitoka mbele ya nomino, wingi hurudi na vistari huondoka: "the child is five years old". Mkumbushe kwamba vivumishi vya Kiingereza havina wingi. Hakuna anayesema "olds dresses".

Dalili: kistari kinawekwa popote, au hakiwekwi kabisa

Andika ubaoni sentensi mbili. "At Dunga I saw a man eating fish." "At Dunga I saw a man-eating fish." Ya kwanza ni mtu ameketi ufuoni anakula samaki wake na ugali. Ya pili ni samaki anayekula watu, na hakuna atakayekubali kuoga ziwani baada ya kuisoma. Ndivyo walivyoitwa wale simba wa Tsavo wa mwaka 1898, walioua wafanyakazi wa reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901: "man-eating lions". Ondoa kistari na simba wanakuwa chakula.

Baada ya sentensi hizo, kanuni haihitaji kupigiwa kelele. Kivumishi ambatano kikitangulia nomino, weka kistari: "a well-known singer". Kikiwa baada ya kitenzi, "well known" mara nyingi huachwa wazi: "the singer is well known". Lakini "old-fashioned" na "kind-hearted" hubaki na kistari popote, kwa sababu "fashioned" na "hearted" haziwezi kusimama peke yake kwa maana hiyo. Kielezi kinachoishia kwa "-ly" hakihitaji kistari: "a highly paid driver".

Dalili: neno limekatwa vibaya mwishoni mwa mstari

Mstari umekwisha na "old-fashioned" haijaisha. Mwanafunzi anaandika "old-fash-" na kushuka na "ioned". Sasa neno lina vistari viwili na msomaji hajui kipi ni cha kweli. Kata pale penye kistari chake cha asili: "old-" juu, "fashioned" chini. Na "homesick", isiyo na kistari, ikatwe penye mshono: "home-" juu, "sick" chini. Neno la silabi moja halikatwi hata liwe refu namna gani. "Strength" ina herufi nane na silabi moja, basi lishushe lote mstari wa pili.

Usitarajie kamusi zote zikate maneno mahali pamoja. Waingereza kwa desturi hutazama asili ya neno, Wamarekani hutazama matamshi; ndiyo maana "knowledge" hukatwa "know-ledge" upande mmoja na "knowl-edge" upande wa pili. Chagua kamusi moja darasani, ibandike jina lake ukutani, na usimnyime mtoto alama kwa sababu amefuata ile nyingine.